Koum Kapi, Chania: Siku Sita Katika Mtaa wa Mchangani

Mtu yeyote anayekwenda Krete, kisiwa cha Ugiriki, kwa mapumziko ataelekezwa alale kwenye bandari ya zamani ya mji wa Chania, ile iliyojengwa na watu wa Venice, yenye mnara wa taa mdomoni na nyumba za ghorofa zilizobanana ukingoni kama abiria wa daladala ya Uyole saa kumi na mbili jioni. Mimi na mke wangu tulielekezwa hivyo hivyo, tukalala hapo usiku mmoja, na kulipokucha tukafunga mizigo. Siku sita zilizobaki tulizimalizia katika mtaa uitwao Koum Kapi, ulio mwendo wa robo saa kwa miguu upande wa mashariki, nje kidogo ya ukuta wa ngome, ambao hakuna wakala hata mmoja aliyetutajia. Kwa kuwa tangu turudi Mbeya nimeulizwa na majirani, na hata na wenzangu wa kwaya, tulifikia wapi, tulikula nini na ilitugharimu kiasi gani, nimeona niandike mara moja kwa wote.

Safari yenyewe haikuanza kama safari ya starehe. Mtoto wa mdogo wangu, ambaye masomo ya kilimo aliyaanzia hapa Uyole, alipata ufadhili wa shahada ya uzamili katika chuo cha kilimo cha nchi za Mediterania kilichopo Chania, na mwezi Mei tulikwenda kumwona alipokuwa akikamilisha utafiti wake wa parachichi. Msomaji wa Rungwe asishangae: parachichi za Ugiriki hulimwa zaidi katika mashamba ya Chania, na kijana aliyekulia chini ya miparachichi ya babu yake alikuwa amevuka bahari kwenda kuisoma upya. Tuliruka kutoka Songwe hadi Dar es Salaam, tukapitia Istanbul hadi Athens, kisha badala ya ndege ya nne tukapanda feri ya usiku katika bandari ya Piraeus, ambayo hufika Souda alfajiri, kilomita saba hivi kutoka Chania. Feri hiyo naipendekeza kwa sababu ya saa yake ya mwisho. Kunapopambazuka, ukiwa umesimama kwenye sitaha, unaiona safu ya Lefka Ori, yaani Milima Myeupe, ikiwa bado imebeba theluji mwezi Mei. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Pachnes, kina mita 2,453, kwa hiyo Kilele cha Mbeya kinakizidi kwa mamia ya mita, lakini chetu hakina theluji, na mke wangu, ambaye hakuwahi kuiona kwa macho yake, alisimama pale kwenye baridi amejifunga vitenge viwili mpaka feri ilipofunga kamba.

Sina ugomvi na uzuri wa bandari ya zamani. Watu wa Venice waliitawala kuanzia karne ya 13 hadi Waturuki walipouteka mji mwaka 1645, na kila aliyepita ameacha alama yake: mabohari makubwa yenye mapaa ya duara ambamo merikebu zilikuwa zikitengenezwa, msikiti wenye kuba uliokaa ukingoni kabisa mwa maji, na mnara wa taa uliojengwa upya katika karne ya 19, enzi ya utawala wa Misri, ndiyo maana mpaka leo unaitwa mnara wa Wamisri. Ugomvi wangu ni na huduma. Huwezi kupiga hatua kumi bila mtu kukusimamisha akiwa na orodha ya vyakula mkononi, na mgahawa tulioingia kwa kuona haya ya kukataa ulituletea samaki mzima kwenye sinia, tukatikisa vichwa kwamba ni mzuri, na hapo ndipo tulipoliwa sisi. Bei ilikuwa imeandikwa kwa kilo, na uzito hatukuuliza. Bili ilikuja euro 68, ikiwa pamoja na mkate na maji ambayo hatukuagiza. Kwa hesabu ya haraka ya shilingi elfu tatu kwa euro moja, tulikuwa tumekula zaidi ya laki mbili katika mlo mmoja wa mchana. Pale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, samaki unamshika mwenyewe, unamgeuza, mnakubaliana bei, ndipo aende jikoni, na sijui ni nini kilichotusahaulisha desturi hiyo nzuri mara tulipovuka bahari. Chumba tulicholala, cha euro 110, dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani.

Asubuhi kijana alitukuta tumenuna. Hakuuliza kitu, alibeba begi kubwa akasema, "Baba mkubwa, mama mkubwa, njooni huku wanakokaa watu." Tulipita nyuma ya yale mabohari, tukaingia kwenye njia iliyopenya chini ya ukuta wa ngome, mnene kiasi kwamba ndani yake kuna ubaridi wa pango, na tulipotokea upande wa pili bahari ilikuwa mbele yetu wazi, bila mashua za watalii wala mtu wa kutushika mkono. Koum Kapi ni ghuba ndogo iliyopinda kama mundu. Upande mmoja iko barabara na safu ya nyumba za ghorofa mbili tatu zenye rangi zilizochujuka kwa chumvi, upande mwingine ni maji, na katikati kuna ukanda wa mchanga na mawe ambapo migahawa imepanga meza zake karibu na mawimbi kiasi kwamba aliyekaa meza ya mwisho hulazimika kukunja miguu kila baada ya muda. Wanafunzi walikuwa wamekaa na glasi moja ya kahawa baridi kwa saa mbili nzima na hakuna aliyewafukuza. Mzee mmoja mwenye fulana iliyochanika begani alikuwa amepiga magoti mwambani akimpigiza pweza, pa, pa, pa, kisha akimsugua kwa kuzungusha kiganja kama mama anayefua soksi za shule, mpaka povu la kijivu likawa linamtoka pweza na kuteremka majini. Mke wangu alisimama kumtazama. Mzee akainua kichwa, akamwonyesha kwa mkono namna ya kusugua, kisha akaendelea na kazi yake.

Jina Koum Kapi ni la Kituruki, na maana yake ni Lango la Mchanga. Watu wa Venice waliliita lango hilo hilo Sabbionara, kwa maana ileile. Mswahili angesema Mchangani, akamaliza. Lakini habari ya mchanga huu ambayo vipeperushi vyetu havikuigusa ndiyo iliyonifanya nibaki hapa hata kama chakula kingekuwa kibaya. Katika karne ya 19 mchanga huu ulikuwa makazi ya Waafrika. Walitoka Afrika ya Kaskazini na Sudan, wengi wao wakati kisiwa kilipokuwa chini ya Misri na baadaye chini ya Waturuki, wakajenga vibanda na mahema nje ya ukuta, na kazi yao ilikuwa bandarini: upagazi, na kuendesha mashua zilizobeba watu na mizigo kutoka kwenye meli kubwa. Wenyeji waliwaita Halikoutes. Walikuwa Waislamu, kwa hiyo Ugiriki na Uturuki zilipokubaliana mwaka 1923 kubadilishana watu kwa kufuata dini zao, waliokuwa bado wamebaki nao wakahesabiwa kuwa ni Waturuki, wakapakiwa melini. Wachache sana walibaki, na anayekumbukwa zaidi ni mwenye mashua mmoja aliyeitwa Salis, ambaye Chania nzima ilimjua na aliyefariki miaka ya 1960.

Kijana alitusimulia haya tukiwa tumekaa kwenye viti vya buluu, na akaongeza jambo ambalo mimi sikuwa nimelisikia kabisa, kwamba Mturuki mmoja, Mustafa Olpak, aliyefariki mwaka 2016, alifuatilia asili ya ukoo wake na kukuta kwamba wazee wake walichukuliwa utumwani kutoka Kenya, wakafikishwa Krete, na kutoka hapo wakapelekwa Uturuki. Sisi tuliozaliwa upande wa Ziwa Nyasa tumekua tukisimuliwa habari za misafara iliyoteremka kwenda Kilwa, na masimulizi hayo siku zote huishia Kilwa, kama kwamba watu wale walipofika pwani walimezwa na maji. Nilitazama meza zilizokuwa mchangani. Mtoto wa mwenye mgahawa alikuwa akichimba shimo kwa kijiko. Kama ninatakiwa kuutoza mtaa huu alama, basi ya kwanza nitaikata hapa, kwa sababu katika siku sita nilizotembea huko na huko sikukutana na kibao kinachomweleza mgeni ni nani waliokuwa wakilala juu ya mchanga huo kabla ya viti kuwekwa.

Malazi tuliyapata kwa mjane mmoja anayepangisha vyumba vitatu vya siku kwa siku juu ya duka lake la zamani. Chumba kilikuwa euro 55 kwa usiku, nusu ya tulichokimbia, kikiwa na jiko dogo la plati mbili, jokofu, kitanda kigumu ambacho mgongo wangu ulikishukuru, na roshani inayotosha viti viwili na karai. Maji ya moto yanatokana na pipa linalopashwa moto na jua lililoko juu ya paa, kwa hiyo anayependa kuoga usiku wa manane akumbuke kwamba jua lililala mapema kuliko yeye. Karatasi ya chooni haitupwi chooni bali kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, kwa kuwa mabomba ni membamba. Mwenye nyumba alitueleza hayo kwa ishara, bila Kiingereza na bila aibu, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Usafi nilikuwa siudai zaidi. Kila asubuhi ngazi zilikuwa zimedekiwa kabla hatujaamka, na shuka zilizobadilishwa siku ya tatu zilinukia jua.

Kuhusu chakula nitasema mengi, kwa sababu ndicho kilichotuumiza siku ya kwanza na ndicho kilichoturidhisha zilizofuata. Mgahawa tulioufanya wetu ni wa nne ukihesabu kutoka ukutani. Hapo tulikula kwa wastani wa euro 30 watu watatu, tukashiba, na mara moja mhudumu alinifuata barabarani kunirudishia noti ya euro ishirini niliyoiacha nikidhani ni ya kumi. Paulo katika barua yake kwa Tito aliwasema vibaya Wakrete, na ningependa kijana huyu ahesabiwe upande wa pili. Chakula cha kuanzia ni dakos, yaani mkate mkavu wa shayiri, mgumu kama kigae, unaolowekwa kidogo na kufunikwa kwa nyanya iliyokunwa, jibini laini na mafuta ya zeituni yasiyopimwa. Usiule upesi. Uache dakika tano unywe maji ya nyanya, vinginevyo utaacha jino pale.

Kilichomshinda mke wangu kukiacha ni horta. Ni majani ya porini, yanachumwa mlimani, yanachemshwa tu na kumiminiwa limao na mafuta ya zeituni, na yana uchungu ule wa mnavu uliochumwa asubuhi. Alimwomba mhudumu amwonyeshe yakiwa mabichi, akaitwa jikoni, akakaa huko nusu saa akisaidia kuchambua pamoja na mama mmoja mnene mwenye kilemba, kila mmoja akisema lugha yake. Alipotoka alikuwa ameloa mikono mpaka kwenye viwiko, na aliposhukuru ilimtoka "ndaga fijo" ya Kinyakyusa bila kukusudia. Mama yule aliitikia kwa neno lake, na tangu siku hiyo sahani ya horta ilikuja mezani kwetu bila kuagizwa na bila kuandikwa kwenye bili. Kuna pia boureki, ambayo Chania inaidai kuwa ni yake: maboga machanga na viazi vilivyokatwa slesi nyembamba, vikapangwa tabaka kwa tabaka na jibini na mnanaa, vikaokwa. Mtu wa viazi kama sisi wa Uporoto hawezi kuikataa, ingawa mimi ningepunguza jibini. Pweza wa kuchoma alikuwa laini nje na ndani, na nilikuwa nimeshaona ni kwa nini.

Mlo ukiisha huletwa chupa ndogo ya tsikoudia na matunda, bure, hata kama umekula sahani moja. Hiyo ni pombe inayotengenezwa kutoka kwenye makapi ya zabibu, nyeupe kama maji. Mke wangu ni mlokole, aliisogeza pembeni akachukua matunda. Mimi nilionja kwa heshima ya nyumba, na ninachoweza kusema ni kwamba ni gongo iliyopelekwa shule. Kukataa hakumuudhi mtu, na hilo nalihesabu kuwa sehemu ya huduma.

Kuoga baharini ni jambo dogo hapa, na anayekuja kwa ajili hiyo tu nitamwambia abaki Matema, ambako maji ni matamu, mchanga ni mrefu na Milima ya Livingstone inakutazama ukiwa umelala chali. Mchanga wa Koum Kapi ni haba na mawe yake yanateleza. Uzuri wa mtaa huu ni wa kukaa na wa kutembea. Tulipenda zaidi njia ya kuelekea mashariki kando ya bahari, mwendo wa nusu saa kwa miguu ya watu wasio na haraka, mpaka mahali paitwapo Tabakaria, ambako tangu karne ya 19 zilijengwa karakana za ngozi, kuta zake za mawe zikizama moja kwa moja majini. Nyingi zimefungwa na mapaa yamebomoka, mitini imeota ndani, lakini ukisogeza pua kwenye nyufa za milango bado unapata ile harufu ya ngozi inayolowekwa, na mke wangu alisema kwa jicho lake hapo ndipo Krete ilipokuwa haijapakwa poda.

Kasoro zipo, na sitazificha kwa kuwa tulifurahi. Barabara inayopita kati ya nyumba na mchanga ina magari na pikipiki, na wahudumu huivuka wakiwa na sinia juu ya mabega, jambo ambalo lilinifanya nishike meza kila mara kwa hofu. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi muziki hauzimwi mpaka saa nane, maana huku ndiko vijana wa mji mzima wanakokuja. Anayelala mapema kama wazee wa Isanga achague siku za katikati ya wiki au achague nyumba za mtaa wa nyuma. Upepo wa kaskazini ukivuma, meza za mchangani huondolewa zote, na tone za chumvi hufika mpaka kwenye roshani na kuzigandia nguo zilizoanikwa. Migahawa miwili ya mwisho, iliyo mbali na ukuta, imeanza kuiga tabia za bandarini. Tulipita mbele yake mara nne na mara nne tukaitwa.

Siku ya mwisho tulipika. Tulikuwa tumembebea kijana kilo tatu za mchele wa Kyela, na kwa kuwa jiko la bweni lake ni la kugombania, alikuja kuupikia kwetu. Mke wangu aliupika kwa moto mdogo, akaufunika, na harufu ilipoanza kushuka ngazi tukasikia kandambili za mwenye nyumba zikipanda. Alisimama mlangoni akainua pua. Wakrete wana pilau yao ya harusi, gamopilafo, mchele unaopikwa kwa supu ya mbuzi na kuku, unaolegea kama bokoboko na kukamuliwa limao, bila iliki wala karafuu, kwa hiyo wali si kitu kigeni kwake. Kilichomleta ni harufu, kwa kuwa sufuria ilikuwa na maji, chumvi na mchele peke yake. Alifunua mfuniko bila kuomba ruhusa, akachota kwa kidole, akasema neno ambalo kijana alilitafsiri kuwa anauliza tumetia nini. Mke wangu akageuza viganja kumwonyesha kwamba hakuna. Hakuamini. Akafungua kabati la jikoni, akatafuta, akafunga, kisha akateremka na kurudi na sahani yake mwenyewe.

Tulimwachia nusu kilo iliyobaki ndani ya mfuko wake wa nailoni, na alipotutolea risiti alikuwa amefuta usiku mmoja. Vyumba vyake ni vitatu. Cha mbele ndicho chenye roshani, nacho hutoka mapema, kwa hiyo uombe ukiwa bado Mbeya, uchague Mei au mwanzoni mwa Juni kabla joto na watu havijazidi, na ukishakipata funga dirisha la kaskazini ifikapo saa tisa alasiri, kwa sababu upepo ukiingia hutoka na kila kilicho mezani.